Vialama Kumi na Tisa

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika uongo katika daftari la serikali. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe unayesoma. Tafadhali usimwambie mtu.

Nieleze vizuri. Nilimaliza shule Novemba na bado nangoja matokeo. Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, ni karani mkuu wa masjala katika gereza la wanawake. Mwezi uliopita bati la masjala lilivuja na daftari la mapokezi likalowa. Akatakiwa mtu mwenye mwandiko mzuri anakili yote katika daftari jipya kabla la zamani halijaoza. Mwandiko wangu ni mzuri. Kuongea na watu ndiko kunakonishinda. Nimepewa kibarua mpaka mwisho wa Mei. Siku ya kwanza nilisaini karatasi kwamba sitatoa nje habari yoyote ya mfungwa, ndiyo maana humu hutaona jina la mtu.

Kila mfungwa ana mstari wake: namba, jina, umri, kosa, kifungo, tarehe ya kutoka, siku ya ibada, ndugu wa karibu. Siku ya ibada inaandikwa ili anayepanga kazi ajue nani apumzike lini. Ukurasa wa kumi na moja, safu hiyo iliandikwa kwa wino mwingine, na maji yaliifuta yote. Mstari wa kwanza tu ndio uliosomeka: Jumapili. Ishirini na mmoja waliofuata walikuwa doa moja la bluu.

"Si wako hapo karakana?" Shangazi akasema. "Nenda kawaulize. Kazi ya dakika kumi hiyo."

Nilikwenda. Nikasimama mlangoni pa karakana ya ushonaji na kalamu mkononi. Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Wanawake arobaini wakanitazama. Mmoja akasema, "Karani mpya kaja kutuhesabu, kaeni sawa wanangu," na wengine wakacheka, wala si kwa ubaya. Nikakosa pa kuweka uso. Niligeuka, nikaenda kukaa msalani dakika kumi ili ionekane nimeuliza.

Wawili ambao majina yao niliona ni ya Ijumaa niliwaandikia Ijumaa. Kumi na tisa waliobaki niliwawekea, chini ya ile Jumapili, vile vialama viwili vya "kama hapo juu", mstari kwa mstari mpaka chini. Vilipendeza. Shangazi hakulinganisha. Aligonga muhuri, akaandika "Nakala imelinganishwa na ni sahihi," akasaini. Ijumaa daftari la zamani lilichomwa nyuma ya jiko, kama utaratibu unavyotaka.

Nimekata shauri kuyaandika haya mara moja, nisiyafikirie tena.


Jumanne, 11 Machi

Mvua. Masjala ina ndoo mbili chini ya bati, moja ya plastiki na moja ya chuma. Hazilii sawa.


Jumatano, 12 Machi

Afande wa karakana amehamishwa, ameletwa mwingine. Wafungwa wameshampa jina: Afande Saa. Hajibu salamu kabla ya kutazama saa yake. Alipita masjala akanakili safu ya siku za ibada kutoka daftari jipya kwenye kitabu chake cha kazi.

"Yule aliyepita alikuwa anajua watu kwa sura," akamwambia Shangazi. "Mimi sura zinanidanganya. Nitafuata maandishi."

"Ndivyo inavyotakiwa," Shangazi akasema. "Daftari halisemi uongo."

Niliinamia kazi yangu.


Jumamosi, 15 Machi

Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa sita. Saa mbili na nusu Afande Saa aliingia na koti la mvua likichuruzika, nyuma yake mfungwa namba 61. Ni mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na kitu, mikono ameiweka nyuma kama wanavyofundishwa.

"Karani, nisomee huyu. Siku ya ibada."

Shangazi akafungua ukurasa wa kumi na moja. "Jumapili."

"Umesikia?"

"Afande, mimi Jumapili nasugua masufuria jikoni," namba 61 akasema. "Kila Jumapili, miaka minne. Jumamosi ndiyo napumzika. Afande aliyepita anajua. Daftari la zamani linajua."

"La zamani limechomwa. Kuna sare za shule mia mbili zinangojwa, wewe leo ndiyo umeongoka?"

"Sijaongoka leo."

"Utashona?"

"Kesho nitashona kutwa nzima. Leo hapana."

Alisema taratibu, kama mtu anayekataa chai. Afande Saa akatazama saa, akaandika: amekaidi amri ya kazi. Adhabu yake ni kukatwa siku saba katika siku za msamaha, zile wanazopunguziwa kwa tabia njema. Shangazi akafuta tarehe ya kutoka kwa mstari mmoja wa rula. Ilikuwa 16 Mei, ikawa 23 Mei.

Walipotoka Shangazi aliniambia, "Unamjua huyo? Ndiye Chupa. Alikuwa anauza katika duka la dawa. Dawa ya watoto ya homa ya mapafu akaiongezea maji ili chupa mbili ziwe tatu. Mtoto wa miaka mitatu akanywa wiki nzima, mama yake akidhani anamtibu. Akafa. Leo anatuambia habari za ibada."

Nilihisi nafuu. Nasema kweli. Nilijiambia kwamba mtu wa namna hiyo siku saba si kitu.


Jumatatu, 17 Machi

Dada wa barua amekwenda kujifungua, nimepewa kazi yake. Kila barua ya mfungwa husomwa kabla ya kutoka, ikagongwa muhuri. Ya Chupa ilikuwa fupi kuliko zote.

"Mwanangu, si tarehe 16 tena, ni 23. Usiondoke kabla sijafika. Mama."

Anwani ni makao ya watoto, upande wa pili wa mji. Nilitazama mstari wake katika daftari. Ndugu wa karibu: binti. Kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale, binti huyo ni mkubwa kwangu kwa miezi mitatu.


Jumamosi, 22 Machi

Hakushona. 30 Mei.


Jumatatu, 24 Machi

Barua ya binti imeingia. Nayo nimeisoma, ndiyo kazi. Anatimiza miaka kumi na minane tarehe 20 Mei. Makao hayakai na mtu aliyetimiza. Asipopata wa kumpokea, atasafirishwa Jumamosi ya tarehe 17 kwenda kwa baba yake mkubwa, safari ya siku mbili, "yule ambaye Mama unamjua." Mstari huo ameupigia mstari chini mara mbili.

Niligonga muhuri. Ukatoka pacha.


Jumatano, 26 Machi

Hakimu mkaguzi huja mara moja kila mwezi kusikiliza malalamiko. Ni mama mfupi, miwani yake ameifunga kamba. Leo alifika na viatu vimelowa, akakaa masjala pekupeku muda wote, soksi amezitundika kwenye kiti. Walipita wafungwa tisa. Mmoja alilalamikia blanketi, mmoja mbu, mmoja alitaka kujua kama mbwa wake bado yu hai.

Chupa alikuwa wa nane. Alieleza. Hakimu akaomba daftari, akasoma Jumapili, akasoma vialama.

"Daftari linasema Jumapili, mama."

"Mheshimiwa, sijui daftari linasemaje. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Hakimu akamgeukia Shangazi. "Hii imelinganishwa?"

"Imelinganishwa, Mheshimiwa. Saini yangu hiyo."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao. Ilitosha kufungua mdomo. Nilipata themanini na tisa katika mtihani wa majaribio wa uraia, swali la tano lilikuwa "Taja haki nne za msingi na ueleze uhuru wa dhamiri." Nilijaza ukurasa na nusu na kuomba karatasi ya ziada. Leo sikutoa hata neno.

Hakimu aliandika kwamba ataliangalia tena akija Aprili.


Jumamosi, 29 Machi

Hakushona. 6 Juni. Mvua haijakatika tangu Alhamisi.


Jumatatu, 31 Machi

"Mwanangu, 6 Juni. Mwambie mlezi wako nakuja. Mwombe akusubirishe." Nimegonga muhuri.


Jumamosi, 5 Aprili

Hakushona. 13 Juni. Karakana nzima ilinyimwa mapumziko ya saa nne kwa ajili yake. Nilisikia kelele nikachungulia dirishani.

"Chupa, shona bwana, utatuua!"

"Kaskia Mungu kamwita, mwacheni!"

"Mungu gani? Siku ile anamimina maji alikuwa hamjui?"

Chupa alisimama kando ya cherehani chake, mikono nyuma. Yule mwanamke aliyenitania siku ya kwanza, mnene, wanamwita Redio kwa kuwa mdomo wake haukauki, akasema, "Basi nyie wote watakatifu. Mmeletwa huku kwa kuzidisha sala." Wakacheka, hata waliokuwa wanapiga kelele.


Jumatatu, 7 Aprili

Jibu la binti: "Mama, shona tu. Mungu ataelewa. Mlezi hataelewa."


Alhamisi, 10 Aprili

Tumekula mchana na Shangazi ofisini. Nilimuuliza kwa mbali: mfungwa ana haki ya kusali siku anayotaka?

"Kwenye karatasi anayo," akasema. "Kwenye karatasi kila mtu ana kila kitu. Lakini wewe jiulize, yule mama aliyezika mtoto wake, Jumamosi anafanya nini?"

Nimejaribu kumchukia Chupa, na baadhi ya siku naweza.


Jumamosi, 12 Aprili

20 Juni.


Jumatatu, 14 Aprili

Barua zinazoingia wafungwa huzichukua kwenye kidirisha cha masjala. Leo Shangazi alikwenda kliniki, nilikuwa peke yangu. Chupa alikuja, akasaini, akasoma barua yake pale pale akiwa amesimama. Sijui nguvu nilizipata wapi.

"Kwa nini usishone tu?" nikasema.

Akaniangalia. Nadhani hakuwahi kunisikia sauti.

"Shikamoo," nikaongeza, nimechelewa.

"Marahaba, binti. Umesoma barua zake?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi unajua kuliko ndugu zangu." Akaikunja barua mara nne. "Ile siku ya kwanza nilitia maji kidogo tu. Kifuniko kimoja. Nikajiambia, kifuniko kimoja kitamdhuru nani? Kesho yake viwili. Sikuwahi kutia maji mengi, unaelewa? Kila siku ilikuwa kidogo tu."

Nikashusha kalamu.

"Nilipofika huku nikasema, nitatafuta kitu kimoja ambacho sitakitia maji. Nikachagua siku ile. Ni siku aliyokuwa akiishika mama yangu, mimi nilikuwa naichezea. Sasa nikishona kola moja Jumamosi, kola moja tu, nitakuwa nimerudi nilikotoka."

"Na mwanao?"

"Usiniulize hilo, mwanangu."

Akaenda. Nilibaki nikitazama alipoegemea kiwiko. Kulikuwa na alama ya maji, ikakauka.


Jumamosi, 19 Aprili

27 Juni.


Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo la kijinga. Makarani hukwangua makosa madogo kwa wembe, Shangazi ana wake kwenye kopo la pini. Alipotoka kwenda kwa Mkuu wa gereza, nilifungua ukurasa wa kumi na moja nikaanza kukwangua vialama vya namba 61 ili niandike Jumamosi. Kimoja kilitoka. Karatasi ikaota manyoya. Nikasikia viatu vya Shangazi, nikafunga daftari.

Sasa namba 61 ana kialama kimoja badala ya viwili. Hakisemi kitu chochote. Na Afande Saa alishanakili yote kwenye kitabu chake, kwa hiyo nisingemsaidia hata kama ningemaliza.

Usimwambie mtu hili pia.


Jumamosi, 26 Aprili

Hakushona. 4 Julai. Jumla siku arobaini na tisa.

Barua yake ya safari hii aliileta mwenyewe leo, hakungoja Jumatatu. "Mwanangu, ni Julai. Nenda kwa baba yako mkubwa. Kaa jikoni na wanawake, usikae peke yako na mtu. Nitakuja kukuchukua huko." Muhuri nimeugonga, barua imetoka.


Jumatano, 30 Aprili

Naandika nikiwa nyumbani, saa kumi na moja jioni. Shangazi yuko chumbani kwake, amefunga mlango.

Hakimu alikuja saa tatu. Safari hii alivaa mabuti. Alianza na Chupa kabla ya wengine wote. Tulikuwa chumbani hakimu, Mkuu wa gereza, Afande Saa, Shangazi, mimi pembeni na kalamu, na Chupa amesimama.

"Jumamosi saba," hakimu akasema. "Mtu anatoka Mei, sasa anatoka Julai, kwa sababu ya kola za sare. Nipeni daftari."

Akaweka kidole kwenye mstari, kidole kikasita. Akainua ukurasa akauelekeza dirishani.

"Hapa pamekwanguliwa."

Shangazi akasogea, akatazama. Rangi ilimtoka usoni, nikaona uzee wake wote kwa mara moja.

"Mheshimiwa, mimi sija..."

"Daftari hili linakaa na nani?"

"Na mimi."

Afande Saa akatazama saa yake, sijui kwa nini. "Mheshimiwa, kama mfungwa amepata mtu wa kumchezea daftari, hilo ni kosa jingine. Hapo si siku saba. Hapo anarudi mahakamani."

Chupa akasema, "Mimi daftari hilo sijawahi kuligusa."

"Nani amekuuliza?"

Nilijikaza. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri kwa wiki kadhaa, yote yalipotea. Nilisema, "Ni mimi."

Wakanigeukia. Ilikuwa kama mlangoni pa karakana, ila safari hii hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Nilikwangua mimi. Na niliandika mimi. Maji yalifuta. Sikuwauliza. Wote kumi na tisa sikuwauliza, na wale wawili wa Ijumaa niliwakisia kwa majina."

"Kwa nini hukuuliza?" hakimu akasema.

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuongea."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Bibi karani," akamwambia Shangazi, "ulilinganisha?"

Shangazi aliitazama saini yake. Katika masjala, baadaye ndiyo nilielewa, hakuna anayelinganisha. Wanasaini. Wamekuwa wakisaini hivyo tangu yeye akiwa msichana kama mimi. Angeweza kusema alilinganisha na lile la zamani likiwa limefutika, na ningebaki peke yangu.

"Sikulinganisha, Mheshimiwa," akasema.

Mkuu wa gereza akakohoa. Afande Saa, namsifu kwa hili, alisema alichokuwa nacho moyoni. "Mheshimiwa, mimi nilifuata maandishi. Lakini tuseme ukweli. Huyu aliua mtoto. Leo tumekaa watu watano tunamtafutia Jumamosi. Haki ya yule mtoto iko wapi?"

"Imo katika hukumu yake," hakimu akasema. "Miaka sita ile ni ya mtoto, na kama ni michache mlaumuni aliyeihesabu. Nimeisoma hukumu mstari kwa mstari. Amenyang'anywa uhuru wa kutoka hapa. Jumamosi haimo. Asichonyang'anywa na mahakama, katiba inasema bado ni chake, na wewe, afande, huwezi kumwongezea hukumu kwa kitabu cha kazi. Hata daftari lingesema Jumapili kwa wino wa dhahabu, mtu ana mdomo. Mngemuuliza."

Kisha akanigeukia. "Na wewe utawauliza. Leo. Wote ishirini na mmoja. Nangoja hapa."

Nikaenda karakana. Mvua ilikuwa inapiga bati, ilinibidi nipaze sauti, mimi ambaye shuleni nilikuwa naitika "nipo" kwa kunyanyua mkono. Vyerehani vikanyamaza. Nikasoma namba ya kwanza.

"Siku yako ya ibada ni ipi?"

"Jumapili. Kwani leo kuna harusi?"

"Wewe?"

"Andika zote saba, nipumzike," akasema Redio. Wakacheka. Nikangoja. "Haya, Jumapili. Lakini uliza kwa sauti hiyo hiyo kila siku, inakupendeza."

Mmoja kati ya wale wa Ijumaa alisema ni Ijumaa kweli. Wa pili alisema, "Jina nilipewa na babu. Mimi ni Jumapili." Mmoja niliyemwekea vialama alisema Ijumaa. Mwingine alisema hana siku yoyote, na nisimwandikie hata moja, na alitaka aone nikiliandika hilo. Mama mmoja mzee aliwaza mpaka nikadhani amelala. "Sijawahi kuulizwa," akasema. "Niache nifikiri mpaka kesho." Na mmoja, msichana mwembamba wa mashine ya vifungo, alisema kwa sauti ndogo kama yangu, "Jumamosi."

"Mbona unashona Jumamosi?" nikamuuliza.

"Niliona wanavyomfanya mwenzangu."

Hilo sikulitegemea. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Chupa alikatwa siku arobaini na tisa zilizoandikwa. Huyu alichokatwa hakikuandikwa popote.

Wa mwisho alikuwa Chupa, aliyekuwa amerudishwa kwenye cherehani chake.

"Siku yako ya ibada ni ipi?"

"Jumamosi, karani," akasema, akaendelea kutunga uzi.

Kati ya kumi na tisa nilikosea watano. Kumi na wanne nilikisia sawa, wala hilo halinipi raha.


Alhamisi, 1 Mei

Shangazi hasemi na mimi. Ameniwekea chakula, amefunika na sahani.


Jumamosi, 3 Mei

Chupa hakushona na hakuna aliyemwandika. Msichana wa vifungo pia. Walikaa kwenye benchi moja karibu na mlango, kila mmoja upande wake.


Jumanne, 6 Mei

Shangazi amepewa barua ya onyo. Itakaa kwenye faili lake, na anastaafu mwisho wa Juni baada ya miaka thelathini na mmoja bila doa. Aliisoma kwa sauti jikoni huku akichagua mchele.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nikusamehe nini? Saini ni ya nani?"

"Yako."

"Basi." Akatupa jiwe dogo dirishani. "Kilichoniuma si onyo. Ni kwamba wiki nane umekaa na mimi meza moja, unakula, unalala, unaniacha natembea na kitu mgongoni nisichokiona. Aibu yako kubwa kweli, mwanangu. Ingeweza kutuzika sote."

Kisha akanipa upande wa pili wa ungo, tukachagua pamoja.


Ijumaa, 9 Mei

Siku za Chupa bado hazijarudishwa. Hakimu anapendekeza tu, anayesaini ni makao makuu. Leo mvua ilikuwa ya manyunyu.


Jumanne, 13 Mei

Hakuna barua ya makao makuu.


Jumatano, 14 Mei

Hakuna. Afande Saa amepita masjala kuuliza kama imefika. Alipoona namtazama akasema, "Nataka kujua kama mashine yangu moja itabaki bila mtu, basi."


Alhamisi, 15 Mei

Imefika saa saba mchana. Siku zote arobaini na tisa zimerudishwa. Namba 61 anatoka kesho, saa mbili asubuhi, tarehe ile ile ya mwanzo.

Shangazi alinipa kalamu na rula. "Rekebisha wewe." Nikaandika 16 Mei. Siku ya ibada nilikwisha kuiandika kwa maneno kamili: Jumamosi. Pembeni kuna sahihisho na jina langu lote, atakayefungua ukurasa wa kumi na moja miaka hamsini ijayo atalisoma. Kwa hiyo lile la kwanza nililokuomba usimwambie mtu, sikuombi tena. Mwambie yeyote.

Nilimwambia Shangazi, "Lakini binti yake anajua ni Julai. Jumamosi anasafirishwa."

"Gereza halipigi mbio kuwatafutia watu ndugu," akasema. "Akitoka atakwenda mwenyewe."

"Makao ya watoto yanafunga mlango wa wageni Ijumaa kutwa. Kuna karatasi yao kwenye faili."

Shangazi akafunga daftari. "Ulisaini nini siku ya kwanza?"

"Kwamba sitatoa nje habari yoyote ya mfungwa."

"Vizuri. Nilitaka kujua kama unakumbuka." Akachukua mwavuli wake, akauacha mezani kwangu, akaenda nyumbani bila mwavuli.


Ijumaa, 16 Mei

Hakuna mvua. Ndoo zote mbili kavu.

Saa mbili kasoro robo kulikuwa na mtu ng'ambo ya lango, msichana, sanduku la bati miguuni, sare ya makao bado mwilini. Nilimwona kutoka dirisha la masjala. Saa mbili Chupa alitoka na mfuko wa karatasi. Walisimama wakatazamana kama watu wanaokisia umri. Hawakukumbatiana. Binti alisema kitu kifupi, mama akajibu, binti akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono mzima na kuchukua mfuko. Sanduku walilibeba wawili, kila mmoja mpini wake.

Afande Saa alikuwa langoni. Alitazama saa, akaandika muda.

Mkuu wa gereza alipita masjala baadaye, akauliza imekuwaje binti akajua tarehe, kwa kuwa hakuna barua iliyotoka. Shangazi alisema pengine ameota. Mimi nilikuwa nanakili ukurasa wa arobaini na sikuinua kichwa.

Kwa hiyo nina moja tu ninalokuomba. Jana saa tisa na nusu alasiri nilivuka mji na mwavuli usio wangu. Nikabisha lango la makao, nikaomba kuonana na msichana nisiyemjua, na walipouliza mimi ni nani nikajibu kwa sauti iliyosikika. Nilimwambia, "Kesho saa mbili." Akaniuliza, "Alishona?" Nikasema hapana. Akasema, "Mkaidi huyo," akaenda kufungasha.

Shangazi bado ana wiki sita za kazi. Hili, tafadhali, lifiche.